Je, Wajua? Ufa Unapokutana na Uzi

Kambu ni soko lililo kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, kati ya Kibwezi na Mtito Andei, katika kaunti ya Makueni. Malori hupita hapo usiku na mchana, mengine yakielekea bandarini, mengine yakitoka. Tairi hupasuka na kuzibwa. Mitungi ya lita 20 hupakiwa juu ya punda na kushushwa kwa kishindo. Bodaboda husubiri abiria, helmeti zikiwa zimening'inia kwenye usukani. Na ukiingia mashambani, mkonge umepandwa mipakani kana kwamba hauhusiki na lolote kati ya hayo.

Unahusika. Tairi, mtungi na helmeti huulizwa swali moja kila siku: ukipigwa, utavunjika au utavumilia? Sehemu kubwa ya jibu haimo katika plastiki au mpira wenyewe, bali katika kile kilichochanganywa nao kiwandani. Wataalamu hugawa vichanganyio hivyo mafungu mawili. Kuna vijazo, yaani unga na punje: chokaa, masizi, mchanga, unga wa mbao. Kisha kuna nyuzi: za kioo, za pamba, za nailoni, za mkonge. Plastiki iliyochanganywa hivyo huitwa kompositi. Kichanganyio kimoja kinaweza kuiokoa plastiki isivunjike, na kichanganyio hicho hicho, kikiwa na ukubwa tofauti au kikishikana nayo vibaya, kinaweza kuiponza. Haya ni baadhi ya mambo ya kushangaza kuhusu kazi hiyo.

Je, wajua kwamba kitu chenye nguvu kinaweza kushindwa na pigo dogo?

Nguvu ya kuvutwa polepole na uwezo wa kuhimili pigo ni mambo mawili. Plastiki ikivutwa taratibu, molekuli zake, ambazo ni minyororo mirefu sana, hupata muda wa kunyooka na kuteleza. Ikipigwa ghafla, muda huo haupo. Nishati ya pigo lazima ipate pa kwenda ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Ikipata pa kwenda, kwa kunyoosha, kusugua au kutenganisha vitu vidogo vidogo ndani ya plastiki, kitu kinapona. Isipopata, nishati yote huishia kuendesha ufa mmoja, nao ukishaanza kukimbia ni vigumu kuusimamisha.

Je, wajua kwamba pigo hupimwa kwa nyundo inayobembea?

Mfaransa Georges Charpy alieleza kipimo chake mwaka 1901, na Mwingereza Edwin Izod akaeleza cha kwake mwaka 1903. Vyote viwili vilianza na chuma, na leo hutumika kwa plastiki duniani kote. Katika kipimo cha Charpy, kipande cha plastiki chenye urefu wa milimita 80, upana wa milimita 10 na unene wa milimita 4 hulazwa juu ya vishikizo viwili. Nyundo iliyofungwa kwenye mkono wa chuma huinuliwa hadi kimo kinachojulikana, kisha huachiliwa. Hushuka, huvunja kipande, na huendelea kupanda upande wa pili.

Fundi hutazama imepanda hadi wapi. Kama kipande kilikuwa dhaifu, nyundo hupanda karibu sawa na ilipotoka. Kama kilikuwa na uhimilivu, hupanda kidogo tu, kwa sababu nishati yake imebaki kwenye kipande. Tofauti ya vimo viwili huonyesha nishati iliyomezwa, nayo huandikwa kwa kilojuli kwa kila mita ya mraba ya eneo lililovunjika.

Baada ya hapo fundi mwenye uzoefu huokota vile vipande na kuvitazama kwa karibu. Uso laini unaong'aa humwambia kwamba ufa ulipita moja kwa moja bila kizuizi. Uso uliochakaa, wenye weupe na nyuzi zilizochomoza, humwambia kwamba ufa ulihangaika.

Je, wajua kwamba mkwaruzo mdogo huzidisha pigo mara nyingi?

Vipande vingi vya kipimo hukatwa kwanza mkato wenye kina cha milimita 2, ambao ncha yake ya ndani ni mviringo wenye nusu kipenyo cha robo ya milimita. Sababu yake ilielezwa kwa hesabu na Mwingereza Charles Inglis mwaka 1913: nguvu hujikusanya kwenye ncha ya mkato, na kadiri ncha inavyokuwa kali ndivyo inavyojikusanya zaidi. Kwa kanuni yake, mkato wa kina hicho na ncha hiyo huzidisha nguvu takriban mara 7 mahali pale. Mkato wa kina hicho hicho uliochanjwa kwa ncha kali ya wembe, yenye nusu kipenyo cha sehemu mbili za elfu za milimita, huweza kuzidisha zaidi ya mara 60.

Ndiyo maana mtungi wa maji ulioburutwa juu ya mawe hupasuka pale pale ulipochanika kidogo, hata kama sehemu nyingine bado ni nene. Na ndiyo maana kijazo chochote kinachotiwa ndani ya plastiki ni hatari kabla hakijawa faida: punje kubwa yenye pembe kali ni mkato uliozaliwa pamoja na kitu chenyewe.

Je, wajua kwamba kioo kikiwa uzi mwembamba huzidi kuwa na nguvu?

Mwaka 1920 Mwingereza Alan Arnold Griffith alichapisha majaribio yake ya kuvuta vijiti vya kioo. Kadiri alivyovifanya vyembamba, ndivyo nguvu yao kwa kila eneo ilivyopanda. Hitimisho lake ni kwamba kioo si dhaifu kwa asili. Kinadhoofishwa na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na uzi mwembamba hauna nafasi ya kubeba ufa mkubwa. Nyuzi za kioo za leo huwa na kipenyo cha mikromita 10 hadi 20 hivi, na mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

Je, wajua kwamba vitu viwili vinavyovunjika kirahisi vikiungana huwa havivunjiki kirahisi?

Wavuvi wa pwani yetu wanazijua boti za faiba. Faiba hiyo ni mikeka ya nyuzi za kioo iliyoloweshwa kwa rezini ya poliesta. Rezini hiyo ikigandishwa peke yake hupasuka ikidondoka. Kioo nacho kila mtu anakijua. Lakini boti iliyotengenezwa kwa viwili hivyo hugonga mwamba, ikapata jeraha, na mara nyingi ikarudi nyumbani.

Mwaka 1964 John Cook na J. E. Gordon walieleza sababu mojawapo. Mbele ya ufa unaokimbia kuna nguvu inayovuta kuelekea kule ufa unakokwenda, si ile inayoupanua tu. Ufa unapokaribia mpaka kati ya rezini na uzi, na mpaka huo ukiwa dhaifu kiasi, mpaka hufunguka kabla ufa haujafika. Ufa ukifika hukuta uwazi, ncha yake kali inageuka butu, nao hulazimika kugeuka na kuufuata uzi. Mstari mmoja ulionyooka unageuka njia ndefu yenye kona nyingi, na kila kona hugharimu nishati.

Je, wajua kwamba kazi kubwa ya uzi huanza baada ya kukatika?

Hiki ndicho kiini cha habari nzima. Ufa unapopita, baadhi ya nyuzi hukatika, lakini si zote hukatika palepale kwenye mstari wa ufa. Nyingi hukatikia ndani zaidi, kisha pande mbili za ufa zinapoachana, vipande hivyo vya uzi huburutwa kutoka ndani ya plastiki. Kuburutwa huko ni msuguano, na msuguano hula nishati. Katika kompositi nyingi, nishati inayomezwa na nyuzi zinapoburutwa huzidi ile iliyotumika kuvunja plastiki yenyewe.

Kwa hiyo uzi bora kwa pigo si ule unaong'ang'ania mpaka mwisho, bali ule unaoshika na kuachia kwa shida. Mkulima yeyote wa Ukambani aliyewahi kung'oa magugu atalielewa. Udongo ukiwa mkavu na umeshika sana, gugu hukatika shingoni mara moja. Udongo ukiwa tope, hutoka bila kazi. Udongo ukiwa na unyevu wa wastani, mzizi hutoka wote, na mkono unausikia uzito wake. Mhandisi wa kompositi hutafuta hali hiyo ya tatu.

Je, wajua kwamba gundi bora inaweza kuharibu kazi?

Uzi wa mkonge hupenda maji, ilhali polipropilini, plastiki ya ndoo na magunia, huyakataa. Viwili hivyo havishikani vyema. Dawa mojawapo ni kuosha nyuzi kwa soda kali, ambayo huondoa nta na uchafu na kuufanya uso wa uzi uwe na mikwaruzo. Dawa nyingine ni kutia kiasi kidogo cha kemikali ya kuunganisha, ambayo upande mmoja hushika uzi na upande wa pili hushika plastiki.

Nguvu ya kuvutwa hupanda. Lakini mara kwa mara watafiti hukuta kwamba uwezo wa kuhimili pigo umebaki pale pale au umeshuka, kwa sababu nyuzi zilizogandamana na plastiki hukatika pamoja nayo badala ya kuburutwa. Anayetengeneza kitu cha kubeba mzigo uliotulia na anayetengeneza kitu cha kupigwa hawapaswi kutumia kiasi kimoja cha dawa hiyo.

Je, wajua kwamba uzi una urefu wake wa kufaa?

Mwaka 1965 Anthony Kelly na W. R. Tyson walitoa kanuni nyepesi ya urefu huo: zidisha nguvu ya uzi kwa kipenyo chake, kisha gawanya kwa mara mbili ya nguvu ya mshiko kati yake na plastiki. Tuchukue mfano wa uzi wa mkonge wenye kipenyo cha milimita 0.2, nguvu ya megapaskali 500 na mshiko wa megapaskali 5. Jibu ni milimita 10. Uzi mfupi sana kuliko huo hutoka kabla haujafanya kazi ya maana. Uzi mrefu sana hukatika badala ya kuburutwa. Karibu na urefu huo ndipo msuguano unapomeza nishati nyingi zaidi.

Kiwandani hili ni tatizo la kila siku. Mashine ya kutengeneza vitu vya plastiki kwa kusukuma ndani ya kalibu huwa na parafujo kubwa inayoyeyusha na kukoroga. Parafujo hiyo hukatakata nyuzi. Nyuzi za kioo zilizoingia zikiwa na milimita 3 au 4 huweza kutoka zikiwa chini ya nusu milimita. Mtengenezaji anayetaka bidhaa ya kuhimili pigo hulazimika kupunguza mwendo wa parafujo, kupanua njia, au kutumia mikeka ya nyuzi ndefu inayokandamizwa badala ya kusukumwa.

Je, wajua kwamba mkonge uliwahi kushinda nyuzi nyingine za mimea?

Mwaka 1987 watafiti wa Trivandrum, India, wakiongozwa na C. Pavithran, walichapisha matokeo ya kupiga kompositi za poliesta zilizotiwa nyuzi za mkonge, nanasi, mgomba na makumbi ya nazi. Mkonge uliongoza. Makumbi ya nazi yalikuwa ya mwisho, na hilo linashangaza, kwa sababu uzi wa makumbi ukivutwa peke yake hunyooka sana kabla ya kukatika.

Siri imo ndani ya ukuta wa uzi. Kila uzi wa mmea umejengwa kwa nyuzi ndogo zaidi za selulosi zilizojizungusha. Katika makumbi mzunguko umelala sana, pembe yake ikiwa takriban digrii 45, hivyo uzi hunyooka lakini hauna nguvu nyingi. Katika mkonge pembe ni kama digrii 20: umesimama kiasi cha kuwa na nguvu, na umelala kiasi cha kunyooka kidogo kabla ya kukatika. Ukichanganya hilo na kipenyo chake kikubwa, unapata uzi unaoburutwa kwa kazi nzito.

Je, wajua kwamba mkonge wa Afrika Mashariki ulianza na vijimea 62?

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vijimea 1,000 vya mkonge kutoka Florida, Marekani. Vilipitia Hamburg, na vilipofika karibu na Pangani, katika Tanzania ya leo, vilivyokuwa hai vilikuwa 62 tu. Kutokana na hivyo mashamba ya Tanga yalienea. Leo Brazil inaongoza kwa uzalishaji duniani, na Tanzania na Kenya ziko miongoni mwa wazalishaji wakubwa. Msafiri anayetoka Kambu kwenda Nairobi huupita mji wa Kibwezi, ambako liko shamba la Dwa, mojawapo ya mashamba ya mkonge ya kampuni ya REA Vipingo.

Mmea mmoja huzaa majani 200 hadi 250 maishani mwake, na jani hufika mita moja au zaidi. Lakini katika uzito wa jani bichi, nyuzi ni asilimia 4 hivi. Kilichobaki ni maji na nyama ya jani. Kwenye mashamba makubwa majani hukwanguliwa kwa mashine ambayo wafanyakazi wa Tanzania huiita korona. Vijijini hukwanguliwa kwa kisu juu ya ubao, nyuzi zikaoshwa, zikaanikwa, na akina mama wakazisokota pajani kwa kazi ya vyondo.

Je, wajua kwamba mkonge uliingia ndani ya milango ya magari ya kifahari?

Katika miaka ya 1990 Mercedes-Benz ilianza kutengeneza paneli za ndani za milango ya gari lake la E-Class kwa mikeka ya nyuzi za kitani na mkonge zilizoshikwa na rezini ya epoksi. Paneli zilipungua uzito kwa takriban asilimia 20. Msongamano wa mkonge ni gramu 1.45 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali wa kioo unazidi gramu 2.5. Pia kwenye ajali, paneli za nyuzi za mimea hazitoi vipande vikali vya kumkata abiria kwa urahisi.

Mipaka ipo. Selulosi huanza kuharibika kwenye joto la digrii 200 hivi, kwa hiyo mkonge huchanganyika vyema na polipropilini, inayoyeyuka kwenye digrii 160 hadi 170, lakini hauwezi kuingizwa kwenye plastiki zinazohitaji joto la digrii 260. Pia hunywa maji, na paneli isiyozibwa vizuri huvimba.

Je, wajua kwamba unga wa chokaa unaweza kusaidia au kudhuru?

Viti vingi vya plastiki vya hotelini na kwenye harusi vina unga wa mawe ya chokaa ndani yake. Hupunguza gharama na huongeza ukakamavu. Kuhusu pigo, ukubwa wa punje ndio huamua. Punje zenye upana wa mikromita moja hivi, zikitawanyika vizuri, huachana na plastiki wakati wa pigo na kuacha vishimo vidogo vingi. Plastiki iliyo kati ya vishimo hivyo hunyooka badala ya kupasuka, na kunyooka huko humeza nishati.

Punje zikishikamana na kuwa madonge, kila donge ni mwanzo wa ufa. Ili kuzuia hilo, watengenezaji huupaka unga huo asidi ya steariki, ambayo pia hutumika kwenye mishumaa na sabuni. Unga wa talki, wenye punje bapa, huongeza ukakamavu zaidi ya chokaa lakini kwa kawaida hupunguza uwezo wa kuhimili pigo. Kiti kinachokatika mguu mtu anapokikalia kwa kishindo huenda kimejazwa unga kupita kiasi.

Je, wajua kwamba kutia kitu laini kunaweza kuiokoa plastiki ngumu?

Polistairini ya kawaida, ile ya vikombe angavu, hupasuka kirahisi. Ikitiwa asilimia 5 hadi 10 ya mpira katika chembe za mikromita chache, uwezo wake wa kuhimili pigo hupanda mara kadhaa. Kila chembe ya mpira huanzisha vijiufa vidogo vilivyoshonwa na minyororo ya plastiki, na badala ya ufa mmoja mkubwa kunakuwa na maelfu ya vidogo visivyofika mbali. Unaweza kuliona jambo hilo kwa macho yako: kunja kipande cha plastiki ya aina hiyo na utaona mstari mweupe ukitokea kwenye mkunjo. Weupe huo ni vijiufa vinavyotawanya mwanga. Ndugu yake, plastiki ya ABS, ndiyo inayotumika kutengeneza matofali ya kuchezea ya Lego tangu mwaka 1963.

Je, wajua kwamba plastiki ya kwanza ya sintetiki ilihitaji unga wa mbao?

Leo Baekeland alivumbua bakelaiti mwaka 1907 akiwa Marekani. Rezini hiyo ikiwa tupu hupasuka upesi. Ilipochanganywa na unga wa mbao, ilifaa kwa simu, swichi na masanduku ya redio. Ujerumani Mashariki ilichukua rezini ya jamaa hiyo hiyo, ikaitia mabaki ya pamba, na kutengeneza bodi za gari la Trabant. Takriban magari milioni 3 yaliundwa kati ya mwaka 1957 na 1991.

Je, wajua kwamba mchanga wa Kenya umegeuka kijazo?

Jijini Nairobi, Nzambi Matee na kampuni yake Gjenge Makers huyeyusha taka za plastiki, huzichanganya na mchanga na kuzikandamiza kuwa matofali ya kutandaza njiani. Mwaka 2020 alitunukiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kama Kijana Bingwa wa Dunia. Hapa kazi imegawanywa: mchanga huleta ukakamavu na kuhimili mgandamizo, nayo plastiki hushika punje pamoja na kunyooka kidogo tofali linapopigwa.

Je, wajua kwamba tairi la lori ni kijazo na nyuzi kwa pamoja?

Mpira wa tairi ni mweusi kwa sababu ya masizi, ambayo huweza kufika karibu robo ya uzito wa sehemu inayogusa barabara. Chembe za masizi ni ndogo kiasi kwamba zaidi ya 20,000 zingejipanga ndani ya milimita moja. Tairi za mwanzo wa karne ya 20 zilikuwa nyeupe au kijivu, na zilikwisha upesi. Masizi yalipoingia, mpira uliongezeka nguvu mara nyingi na kustahimili kusuguliwa na kuchanika.

Lakini masizi peke yake hayawezi kulizuia tairi lisipasuke likitumbukia shimoni. Kazi hiyo hufanywa na tabaka za nyuzi za nailoni, poliesta au chuma. Tazama soli ya akala iliyokatwa kutoka tairi kuukuu: kwenye ukingo utaona mistari ya nyuzi imelala ndani ya mpira. Nyuzi hizo ndizo zinazozuia mwiba usifungue ufa mrefu, na ndizo zinazomfanya mchungaji avae jozi moja kwa miaka.

Je, wajua kwamba jua la Ukambani huvunja mtungi kabla haujadondoka?

Miale ya urujuanimno hukata minyororo ya polithini. Mtungi ulioanikwa nje kwa miaka huonekana mzima, lakini uwezo wake wa kuhimili pigo umekwisha, na siku ukianguka kutoka mgongoni mwa punda hupasuka. Matangi mengi ya maji ni meusi kwa sababu ya masizi ya asilimia 2 hadi 2.5, ambayo humeza miale hiyo. Ukiwa na mtungi wa rangi nyepesi, uweke kivulini.

Je, wajua kwamba maji huifanya nailoni iwe na uhimilivu zaidi?

Gia ya nailoni inayotoka kiwandani ikiwa kavu kabisa huweza kuvunjika kwa pigo. Baadhi ya mafundi huichemsha majini kwanza. Maji huingia kati ya minyororo na kuiruhusu iteleze. Nailoni 6 ikishiba huweza kubeba maji takriban asilimia 9 ya uzito wake. Hupoteza ukakamavu kiasi, lakini huongeza uhimilivu.

Je, wajua kwamba pigo linaweza kujificha?

Ndege ya Boeing 787, ambayo Kenya Airways ilianza kuitumia mwaka 2014, ina nusu ya uzito wake katika kompositi, hasa za nyuzi za kaboni. Nyuzi hizo zina nguvu na ukakamavu mkubwa, lakini tabaka zake huweza kuachana ndani kwa ndani spana ikidondoka juu yake, huku juu kukiwa na alama ndogo tu. Mafundi hukagua kwa mawimbi ya sauti isiyosikika kwa sikio.

Je, wajua kwamba helmeti iliyookoa maisha haifai tena?

Sheria ya trafiki ya Kenya, kwa marekebisho ya mwaka 2012, inamtaka mwendesha pikipiki na abiria wake wavae helmeti. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi mwaka 2008 ulikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69 kwa anayepata ajali.

Gamba la nje huwa la ABS, polikaboneti, au rezini yenye nyuzi za kioo. Ndani kuna povu la polistairini. Pigo linapokuja, gamba hulisambaza: la nyuzi huachana tabaka na nyuzi huburutwa, la ABS hutawanya vijiufa. Kisha povu husagika. Kila kimoja humeza sehemu ya nishati ambayo ingeingia kichwani, na hufanya hivyo kwa kuharibika. Povu lililosagika halirudi, na nyuzi zilizochomoka hazijirudishi, hata kama rangi ya nje bado inang'aa.

Kwa hiyo, abiria wa Kambu na kwingineko, tazama kabla ya kuvaa. Finya povu la ndani kwa kidole. Likiwa limebonyea au limepasuka, omba nyingine. Kagua gamba kama lina ufa, hasa karibu na mashimo ya mikanda. Usiisafishe kwa petroli wala kwa tina, kwa sababu vimiminika hivyo hudhoofisha polikaboneti na ABS. Funga mkanda chini ya kidevu. Na helmeti iliyokwisha kupokea pigo moja la kweli barabarani imemaliza kazi yake: nunua nyingine.